Ukuta wa Goba: jirani anazuia, fundi anaharakisha

Swali: Nimejenga Goba, Dar es Salaam, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25 kinachoteremka kuelekea kwa jirani wa chini. Barabara yangu iko juu. Kutoka usawa wa nyumba hadi mpaka wa chini mteremko ni kama mita 2. Nataka nijaze kifusi nipate ua wa watoto kuchezea na wa kuanikia nguo, halafu nizungushe ukuta. Fundi anasema ananyanyua tofali za inchi 6 palepale mpakani, nguzo kila mita 3, tukimaliza tunajaza. Jirani ameshafukuza mafundi mara mbili. Anadai nimemwingilia hatua mbili, tena maji yangu yanambomolea nyumba. Mjumbe alikuja, wakatupiana maneno, akaondoka. Je, nina haki ya kujenga kwangu au sina? Nianzie wapi?

Dada yangu, haki ya kujenga kwenye ardhi yako unayo. Lakini ukiniuliza nani asimamishwe kwanza kati ya jirani na fundi, mimi nitamsimamisha fundi.

Simdharau. Inawezekana kabisa ni hodari wa kupanga tofali, na fensi zake zimenyooka mtaa mzima. Shida ni kwamba anataka kukujengea fensi mahali panapohitaji ukuta wa kuzuia udongo. Fensi hubeba uzito wake na upepo, basi. Ukuta wa kuzuia udongo unasukumwa tangu siku ulipojazwa, usiku na mchana, na hauna siku ya kupumzika.

Nikupe hesabu uione mwenyewe. Mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida ina uzito wa karibu tani 1.8. Ukirundikwa nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 1, unausukuma kwa nguvu ya kama kilo 300 katika kila mita ya urefu. Ukipandisha ukuta ufike mita 2, watu hudhani msukumo utakuwa kilo 600. Unakuwa kilo 1,200. Na nguvu ya kuupindua kutokea kwenye kitako inapanda mara nane. Sasa chukua ukuta wako wa tofali za inchi 6 wa kimo hichohicho: uzito wake wote ni kama kilo 600 kwa mita, umesimama juu ya unene wa sentimita 15. Kwa mita zako 20 za mpaka wa chini, unaupa kazi ya kuzuia tani 24 za msukumo, na hapo ni kiangazi.

Mvua ikinyesha, hesabu inageuka. Maji yakituama nyuma ya ukuta wa mita 2 yakakosa pa kutokea, yenyewe peke yake yanasukuma kwa karibu tani 2 kila mita. Ongeza udongo uliolowa, unafika tani 2 na nusu. Tani 24 zimekuwa zaidi ya 50, na ukuta ni uleule. Kuta nyingi nilizoitwa kuziangalia baada ya masika, zilizolala kifudifudi kwa jirani, ziliangushwa na maji.

Moja haitanitoka kichwani. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, nikasimamia ukuta wa zege upande wa Kimara. Tuliweka matundu ya kutolea maji, bomba za plastiki za inchi 2, kila baada ya mita moja na nusu. Tukakabidhi, tukaondoka. Akaja fundi wa plasta, akaona michirizi myekundu ya udongo inachafua ukuta mzuri, akayaziba matundu yote kwa saruji, akapiga plasta hadi ikang'aa. Masika ya kwanza yakapita salama. Ya pili mwenye nyumba akanipigia simu: "Mhandisi, ukuta umeota kitambi." Nilipofika nikakuta ufa wa mlalo, theluthi moja hivi kutoka chini, unatoa jasho. Nikatoboa tundu moja la zamani kwa drili. Maji yaliruka mekundu kama bomba la barabarani lililopasuka, yakaendelea hivyo karibu saa nzima. Ule ukuta tuliuokoa kwa sababu ulikuwa na nondo, na nondo hukupa notisi: unajipinda, unapasuka, unatoa kitambi, mtu anapata siku za kufanya kitu. Tofali tupu hazina notisi. Mnalala ukiwa mzima, mnaamka uko jikoni kwa jirani.

Kwa hiyo jirani anapofukuza mafundi wako, hata kama mdomo wake ni mchafu, anajilinda na kitu cha kweli. Lakini amekuletea madai mawili, mpaka na maji, na ninyi mmeyafanya ugomvi mmoja. Yatenganishe. La mpaka lina jibu la kupimwa kwa mashine. La maji, kwa jinsi ulivyonieleza, nahisi ana haki.

Tuanze na hizo hatua mbili. Hatua za nani? Mikataba mingi ya mauziano pembezoni mwa Dar es Salaam imeandikwa "hatua 20 kwa hatua 25", na aliyezipiga alikuwa mzee muuzaji akiwa na fimbo yake, huku mnunuzi kijana akimfuata nyuma na kuhesabu. Hatua ya kijana mrefu inakaribia sentimita 80, ya mzee haifiki 60. Kwenye hatua 25 tofauti yao ni mita 5. Wewe umeniandikia mita. Je, umezipima kwa tepu au umezigeuza tu kutoka kwenye karatasi?

Kama kiwanja kimepimwa rasmi, kazi ni nyepesi. Kuna ramani ya upimaji yenye namba za bikoni (zile alama za mpaka zinazochimbiwa ardhini) na vipimo vyake, na mpima ardhi aliyesajiliwa akija na mashine yake atakuonyesha kila bikoni ilipo au ilipopaswa kuwepo, kwa tofauti ya sentimita chache. Usijaribu kwa simu. Ramani ya simu inaweza kukosea mita tatu, tano au zaidi, na nyinyi mnagombania moja na nusu. Ukikuta bikoni imelala kwenye nyasi, usiisimamishe mwenyewe, wala fundi asiiguse hata kwa nia njema. Kusogeza bikoni ni kosa kisheria, na ushahidi ukishachezewa unageuka kuwa wako mwenyewe wa kukukaba.

Kama hakijapimwa, una mkataba wa mauziano, una majirani waliosaini siku ile, na una alama za zamani: mstari wa minyaa, mchongoma, mnazi, kisiki cha mwembe. Tafuta nani mwingine alinunua kwa muuzaji huyohuyo, mlinganishe mikataba. Kisha mkubaliane kumleta mpima aweke alama za makubaliano mbele ya pande zote na serikali ya mtaa, muandikishane. Kwa vyovyote vile, gharama ya mpima ilipe wewe, lakini uchaguzi wa siku mwachie jirani. Mpimaji akija akakuta jirani hayupo, hata apime kwa usahihi wa kiasi gani, ataitwa "mpimaji wa yule mama". Jirani akiwepo, akashika hata ncha moja ya tepu, kipimo kinakuwa cha wote wawili.

Huenda kipimo kikaonyesha kweli umemwingilia. Jiandae kwa hilo kabla hujalipa. Sogea, na usiingie kwenye mabishano ya kuhifadhi sentimita 40 za mteremko ambazo hata ukizipata zitabeba mtaro tu.

Sasa maji, na hapa ndipo penye kazi hasa. Umesema barabara iko juu. Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu. Tukadirie bati lako ni mita za mraba 120. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo Dar wakati wa masika si mgeni, inaangusha lita 6,000 juu ya paa hilo peke yake. Ukija kusakafia ua wako mpya wa, tuseme, mita za mraba 150, hapo kuna lita nyingine 7,500. Zamani kilima hicho kilikuwa na nyasi na michungwa, sehemu ya maji ilinywewa na ardhi na iliyobaki ikashuka polepole. Ulipoezeka bati, maji yote yanashuka kwa dakika chache, na yanashukia mahali pamoja. Hayawezi kupanda kurudi barabarani kwako. Yanakwenda kwa nani?

Ungeniomba jambo moja tu la kufanya wiki hii, ningekuambia hivi: mvua ikinyesha chukua mwavuli, nenda upande wa jirani, simama uangalie. Mwombe ruhusa kwanza, bila shaka. Tazama mchirizi unaingilia wapi, umechimba kina gani, unagonga msingi wake au unapita pembeni, maji ni masafi au ni mekundu. Piga picha. Nimeshaona ugomvi wa miaka mitatu ukipungua makali kwa dakika ishirini za namna hiyo, kwa sababu jirani kwa mara ya kwanza alimwona mtu wa juu akiwa amelowa miguu kwenye maji yake mwenyewe.

Ukitaka ukuta wako usimame, maji ya nyuma yake lazima yatoke kupitia matundu. Yakishatoka, lazima yaende mahali. Shimo la kunyonya maji kwenye kiwanja cha mteremko, karibu na ukuta, silipendi, maana unayarudisha maji kulekule ulikoyatoa. Kwa hiyo njia ya uhakika ni bomba la inchi 6 linalopita kwenye ukingo wa kiwanja cha jirani hadi mtaro wa barabara ya chini. Yaani mtu uliyegombana naye ndiye mwenye ufunguo wa ukuta wako. Naye pia ana cha kupata: maji yanayomsumbua yanaingia kwenye bomba, kwa gharama yako. Nenda kwake na hilo mkononi, usiende na "nina haki ya kujenga kwangu".

Kabla ya hapo punguza mzigo. Funga magata nyumba nzima, yaingie kwenye tenki la lita 5,000 au mawili. Tenki likae nyuma kwenye ardhi ya asili, lisikae juu ya kifusi: likijaa lina tani 5, nazo zinakwenda kuusukuma ukuta. Na uniambie karo lako liko wapi. Watu hawalitaji kwa sababu ya aibu, lakini shimo la maji taka lililo mita mbili tatu nyuma ya ukuta linalowesha udongo mwaka mzima, kiangazi na masika, halafu siku moja matundu ya ukuta yanaanza kumtolea jirani vitu ambavyo hakuna mpatanishi atakayeweza kuvieleza.

Tuje kwenye ukuta wenyewe. Kwanza pima ule mteremko upya. "Kama mita 2" ya macho mara nyingi ni 2 na nusu. Mwambie fundi achukue mpira wa maji unaoonyesha, aweke ncha moja kwenye usawa wa sakafu ya baraza, nyingine kwenye kigingi cha mpakani, apige alama, apime kwa tepu. Ni kazi ya nusu saa. Pia hujaniambia kutoka ukuta wa nyumba hadi mpaka wa chini pana mita ngapi, na jibu linategemea hapo.

Kama ni mita 9 au 10, ningekushauri usijenge ukuta mmoja wa mita 2. Jenga ngazi mbili za mita 1 kila moja, zikiachana mita 2 au zaidi. Umeona hesabu ya juu: kila ngazi inasukumwa kwa robo tu ya msukumo wa ule mkubwa. Kuta za mita 1 unaweza kuzijenga kwa mawe na saruji, kitako cha sentimita 60 hadi 70 kinachopungua kuelekea juu, uso umeinama kidogo kuelekea udongo. Watu wa Mwanza wanaokaa kwenye vilima vya mawe wanakujua huku kupanda kwa ngazi. Sisi wa Dar ndio tunaopenda ukuta mmoja mrefu kama wa bandari. Kwenye ile ngazi ya katikati panda mchaichai au nyasi za vetiva, mizizi ishike udongo. Usipande mwembe wala mfenesi.

Fensi iweke chini kabisa, kwenye ardhi ambayo hukuigusa, ikiwa haijaegemewa na hata koleo moja la kifusi. Hapo sasa tofali zake za inchi 6 na nguzo kila mita 3 zinafaa, na fundi wako atafurahi. Lakini ukuta usiguse mpaka. Msingi wa fensi huchimbwa upana wa kama sentimita 60 na ukuta hukaa katikati yake, kwa hiyo ukuta ukiwa mpakani, msingi umeshaingia kwa jirani zaidi ya sentimita 20 chini ya ardhi. Haionekani leo. Itaonekana siku atakapochimba msingi wake. Rudi ndani sentimita 25. Kati ya fensi na ngazi ya kwanza acha ujia wa sentimita 80, humo ndimo utapita mtaro wa zege wa kupokea maji ya matundu na kuyapeleka kwenye lile bomba. Mtu aweze kupita humo na koleo kuuzibua, maana mtaro usiofikika unaziba mwaka wa kwanza.

Najua utanung'unika kwamba nimekula zaidi ya mita 4 za ua wako. Nimezila. Lakini kumbuka ulichotaka kujaza: mteremko wa mita 2 kwenye urefu wa mita 10 kwa upana wa mita 20 ni mita za ujazo 200 za kifusi, tipa la mita 7 lirudi karibu mara 29, na hapo hujashindilia.

Kama nafasi ni mita 5 tu, basi ngazi mbili hazikai vizuri na inabidi ukuta mmoja wa zege la nondo. Huo uchorewe na mhandisi aliyesajiliwa aliyefika kwenye kiwanja chako, na uombewe kibali cha ujenzi manispaa ya Ubungo. Nikupe sura yake ili usidanganywe bei, ila usimpe fundi maneno haya badala ya mchoro. Kimo cha mita 2, ukuta wenyewe unene sentimita 20, kitako upana wa kama mita 1.3 na unene sentimita 25, sehemu kubwa ya kitako ikiwa nyuma, chini ya kifusi, ili uzito wa udongo uleule unaosukuma uwe ndio unaokikandamiza. Hiyo ni karibu robo tatu ya mita ya ujazo ya zege kwa kila mita ya ukuta. Kwa mita 20 ni mita za ujazo kama 15, na ukichanganya saruji 1 kwa mchanga 1.5 kwa kokoto 3 ni mifuko zaidi ya 100 ya saruji. Mtu akikuambia atakufanyia kwa mifuko 40, mshukuru, mpe soda, aende.

Nondo kuu za ukuta zikae upande wa udongo. Hili mafundi wengi hulikosea, wanaziweka katikati au upande wa nje "ili zishike plasta", kumbe ukuta unaposukumwa, upande unaotaka kupasuka ni wa ndani, ule usiouona. Siku ya kusuka nondo nenda mwenyewe, tazama kabla mbao hazijafungwa. Zege likishamwagwa hakuna wa kuuliza.

Nyuma ya ukuta, wa aina yoyote, weka kokoto upana wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu, kitambaa cha kuchuja kikizitenganisha na udongo, na matundu ya inchi 2 au 3 kila mita moja na nusu, yakiinama kidogo kuelekea nje. Na kabla fundi wa plasta hajaingia, mkalishe chini umsimulie habari ya Kimara.

Zege limwagiliwe siku 7. Usijaze kabla ya wiki 3 au 4. Kifusi kiwe cha udongo wa kichanga. Ukikuta mfinyanzi mweusi au mabaki ya nyumba yenye mifuko na mbao, lirudishe tipa na mzigo wake. Jaza tabaka la sentimita 20, shindilia, ndipo uweke lingine. Tipa lisirudi nyuma hadi ukutani na kumwaga hapohapo. Limwage mbali, vijana wasogeze kwa toroli. Nimeona ukuta mzuri ukisukumwa na tairi za nyuma za gari moja, saa tisa mchana, dereva akiangalia simu.

Kuna jambo jingine ambalo jirani huenda hajalisema kwa sababu anaona haya. Ukishanyanyua ua wako mita 2, watoto wako watakuwa wamesimama juu kuliko ukuta wake, wanaona bafu la nje, wanaona jiko, wanaona mama wa nyumba akiwa na kanga moja. Fensi ya chini haizuii hilo hata kidogo. Mahali pengi ugomvi unaoitwa wa mpaka ni wa macho. Weka juu ya ngazi ya mwisho kizuizi cha mita moja na sentimita 10 kwa ajili ya usalama wa watoto, kisha nyuma yake panda ua wa majani ufunge. Usijenge tofali nzito juu yake, hapo utakuwa umerudi kule tulikotoka.

Ukienda kuzungumza naye, usiende siku mafundi wapo na koleo mkononi. Nenda jioni, uende na mtu anayemheshimu yeye, asiwe mtetezi wako. Kwetu Kilimanjaro mpaka huoteshwa masale, na jani la sale hilohilo ndilo mtu hulishika anapokwenda kuomba radhi. Huna haja ya kubeba jani hadi Goba, ila unaweza kuanza kwa lile la maji: "Kaka, nimeona mchirizi, nimekuja tuongee tunautoaje." Mpe mchoro aushike, hata kama ni wa kalamu. Mpigie picha nyufa za ukuta wake zilizopo sasa, mkae nazo wote wawili zikiwa na tarehe, ili kesho ufa wa mwaka juzi usije ukawa wa kuchimba kwako. Mkikubaliana bomba, liandikwe lipite wapi, nani anazibua, nani anafukua likipasuka. Makubaliano ya mdomo yanakufa siku yeye au wewe atakapouza. Kama viwanja vyote vina hati, muulize mwanasheria kuhusu kuisajili haki hiyo ya kupitisha bomba, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua.

Akikataa kata kata? Mjumbe mpe heshima yake, lakini hana mamlaka ya kuamua mpaka. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Wengi bado wanadhani Baraza la Kata linatoa hukumu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha tu, likishindwa linakupa uthibitisho, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukifika huko ukiwa na ripoti ya mpima, picha za mchirizi na barua uliyomwandikia ukijitolea kulipa bomba, utakuwa na mengi ya kuonyesha. Yeye akiwahi kuleta zuio la ujenzi, simamisha siku hiyohiyo, hata kama zege limeshachanganywa.

Kuhusu wakati: usichimbe sasa ukaacha mtaro wazi uingie kwenye mvua. Mpima na mazungumzo fanya wakati wowote, lakini koleo liingie Juni masika yakishaisha, umalize kujaza kabla ya vuli ya Oktoba. Mkichimba chini ya mteremko, chimbeni vipande vya mita 3 kwa zamu, jengeni, ndipo mfungue kingine, msiuache mteremko mzima miguu wazi.

Nitumie vitu vinne: kipimo cha mpira wa maji, umbali kutoka nyumba hadi mpaka, karo lilipo, na picha ya mchirizi ukiwa umesimama upande wa jirani. Hadi hapo usinunue tofali. Kama umeshazinunua, zipange juu, karibu na barabara.